Kopo la Kokwa za Tende

Lifti ya jengo letu hapa Mawaleh, Maskati, iliharibika Jumatatu, nami kwa magoti haya niliyonayo nikakaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili nipumue. Ndipo nilipomwona. Ni mama wa Kichina wa nyumba inayotazamana na yangu, mtu mzima kunishinda mimi, na mimi si msichana. Mwanawe ni mhandisi, kamleta kutoka kwao tangu kabla ya Ramadhani. Naye alikuwa amekaa ngazini, juu yangu kidogo, amepakata mfuko wa vitunguu vya majani, lakini hakuwa akipumzika. Alikuwa anautazama ukuta. Nikamsalimu kwa Kiarabu, nikamsalimu kwa Kiingereza changu kibovu, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akarudi kwenye ukuta wake.

Ukuta wenyewe hauna kitu. Nilikwenda kuuangalia baadaye, usinicheke. Rangi tu, tena mbaya. Lakini namna ile ya kutazama ukuta mimi naijua, nimewahi kuishi nayo nyumba moja, Sidab, nilipokuwa na miaka minane. Kama una nafasi kaa nikuhadithie, maana tangu Jumatatu sina ninalolifikiri jingine.

Tulifika Maskati miaka miwili baada ya mapinduzi ya Unguja. Mjomba wa baba, aliyekuwa anajulikana mjini, ndiye aliyetuombea ruhusa, kwa sababu siku zile hata ukiwa Muomani wa damu na mifupa mlango hukufunguliwa hivi hivi. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na bibi yangu mzaa baba. Baba akapata kazi ya ukarani kwa tajiri mmoja wa Matrah, akawa analala huko huko na kurudi kwetu Alhamisi alasiri. Sisi wanawake watatu tukakaa Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya mlima wa mji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshirikiana ukuta mmoja na nyumba ya jirani.

Mimi, nikwambie kweli, nilifurahi. Watu wazima walikuwa wanalilia nchi, mimi nilikuwa nafukuzana na mbuzi. Mbuzi wa Sidab hawakuwa na adabu hata chembe. Waliingia majumbani bila hodi, na chakula chao kilikuwa dagaa. Wallahi, dagaa! Walianikwa ufukweni wengi mpaka mchanga hauonekani, na mbuzi wakala mpaka maziwa yao yakanuka pwani. Mama alipoyaonja kwenye chai mara ya kwanza aliyatema mlangoni akauliza, "Hapa kakamuliwa mbuzi au kakamuliwa changu?" Mimi niliyapenda. Nilipenda na milima ile mikavu iliyosimama nyuma yetu rangi ya mkate ulioungua, na maji ya kisima yenye chumvi kidogo, na kulala juu ya dari wakati wa joto. Na asubuhi nilipenda kusikia wanawake wanatwanga kahawa. Kila nyumba ilikuwa na kinu chake cha shaba na kila mwanamke alikuwa na mtwango wake, nami baada ya mwezi nikawa naweza kusema nani leo anatwanga. Kinu kikilia nyumba fulani, basi leo kahawa ni huko. Wanawake wote wa mtaa wanajifunika shela zao na wanakwenda, wanakula tende, wanateta, wanarudi kupika.

Wote isipokuwa bibi yangu.

Ungemjua bibi yangu Unguja usingeamini. Mtaani kwetu yeye ndiye aliyekuwa gazeti. Harusi haikwenda bila yeye kuionja pilau na kusema imepungua nini. Wanaume walikuwa wakipita barazani kwake wanaharakisha, wanaogopa ulimi wake. Tulipoondoka, wenzake walificha dhahabu kwenye mapindo ya nguo. Yeye alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi, kaifunga kwenye kanga. Baba alimkasirikia sana kwa mzigo ule. Bibi akamjibu, "Dhahabu haikuni nazi."

Basi tukafika Sidab, na Sidab hakuna mnazi hata mmoja. Bibi akaitazama ile milima, akaitazama ile mitende, akaiweka mbuzi yake nyuma ya mlango na wala hakuitaja tena.

Mwanzo alilalamika, na mama akasema akilalamika hajambo. Joto. Nzi. Mchele huu umepikwa kwa maji matupu kama wa wafungwa. Kisha, kidogo kidogo, akaacha kulalamika. Akaacha wanja, akaacha hina, akaacha kujifukiza udi, yeye ambaye Unguja ulijua amepita njia fulani kwa harufu tu. Akavaa kanga zile zile mbili zilizopauka. Akawa anakula matonge matatu, manne, kisha anasukuma sahani. Na akishasali asubuhi anageukia ukuta, anakaa hivyo mpaka adhuhuri. Nikimwita anaitika, nikimuuliza anajibu, lakini kila kitu kilikuwa kinatoka mbali. Hadithi zake za usiku zikakatika. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja, mkono wake juu ya kichwa changu, na huo mkono tu ndio uliobaki kama zamani.

Baba akampeleka hospitali Matrah. Daktari akamsikiliza moyo, akamsikiliza mapafu, akasema mzima, hana ugonjwa, akampa vidonge vyeupe. Mama akauliza, "Kama hana ugonjwa, basi hiki alicho nacho nini?" Siku hizi binti yangu ana majina yake ya kitaalamu, anayataja kwa raha kabisa. Sisi tulikuwa na neno moja tu, ukiwa, na dawa yake hatukuijua.

Ndipo Ijumaa moja baba akasema, nami nikasikia, kwamba kukiendelea hivi atampeleka Mombasa kwa shangazi yangu. Huko kuna nazi, kuna Kiswahili barabarani, huenda roho ikarudi. Kuna meli baada ya joto kupungua. Mama akasema, "Akitoka hapa hataruhusiwa kurudi, hilo unalijua. Na kwa hali ile, safari yenyewe hataimaliza." Baba akasema analijua. Akajifuta uso kwa kilemba, akatoka nje. Mimi nikaenda kukaa na mbuzi, nikalia mpaka mbuzi wakaniogopa.

Sasa nikutajie jirani yetu. Alikuwa mnene, mke wa mvuvi, mama wa watoto saba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye baharini akageuza chombo. Kila kahawa ikiwa kwake alimtuma mmoja wa wanawe kumwita bibi. Bibi anasema ahsante, na haendi. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Na kule kukataa kahawa ya mtu si jambo dogo, ni kama kumwambia nyumba yako inanuka. Mama alikuwa anakwenda na kutoa udhuru kwa Kiarabu chake cha kubabaisha, lakini ungeona nyuso zilivyoanza kukunjana.

Asubuhi moja kisimani, mbele ya wanawake wote, jirani akaweka ndoo chini akaniuliza, "Bibi yako tumemkosea nini?"

Unajua mtoto akibanwa. Kiarabu changu kilikuwa cha miezi mitatu, na aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Nikakumbuka kwetu Unguja kulikuwa na mama mmoja aliyekaa ndani miezi, hajipambi, hatoki, na hapana aliyemnunia. Watu ndio kwanza wakimpelekea vyakula. Kisa chake kilikuwa eda, amefiwa na mume. Basi nikafungua mdomo nikasema, "Bibi yumo edani. Babu amefariki."

Na kweli babu alikuwa amefariki. Hilo halikuwa uongo. Nilichoacha kusema ni kwamba alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Jirani akajipiga kifua. "Inna lillahi!" Akawageukia wenzake, akawasema vikali, kwamba wamekaa wanamteta mjane, Mungu awasamehe. Mimi nikateka maji yangu haraka haraka nikaondoka, ndoo inanimwagikia miguuni. Hata sijafika mlangoni, wanawake kumi na moja walikuwa wameshaingia kwetu.

Sitasahau chumba kile. Walijaa mpaka kizingitini, shela nyeusi tupu, wanalia kwa sauti. Bibi akageuka kutoka kwenye ukuta. Jirani akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akambembeleza kwa maneno mengi ya Kiarabu cha Sidab, ambacho bibi alikielewa neno moja katika kumi. Lakini machozi aliyaelewa. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akamwambia mama kwa Kiswahili, "Kumbe wanajua. Kumbe wanayajua yaliyotupata."

Na akalia. Hakuwa amelia tangu tulipopanda meli. Alililia nyumba yake, na dada yake aliyebaki, na baraza yake, nao wakamlilia mume wake, na wote wakakumbatiana vizuri kabisa. Kisha wakaleta sinia la wali na papa mkavu aliyechambuliwa na kukaangwa na vitunguu na ndimu kavu. Bibi akaonja. Akaonja tena. "Papa huyu nnamjua," akasema. "Huyu ndiye papa wa Manga tuliyekuwa tukimnunua sokoni Darajani, kumbe anatoka huku."

Mama alikuwa ameshanivuta jikoni kwa sikio. Yeye Kiarabu chake kilitosha kuelewa neno mume na neno eda. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akainua mkono kunipiga, na mkono ukiwa bado juu tukasikia bibi anauliza kama hapana ndimu zaidi. Mwana wee! Mama akasimama vile vile, mkono hewani. Halafu akaushusha.

"Nyamaza," akaniambia. "Nyamaza kabisa. Na baba yako asijue."

Kuanzia siku ile bibi hakuachwa peke yake. Kwao mwenye eda haachwi, anakaliwa kwa zamu. Leo huyu, kesho yule, anakuja na kazi yake mkononi, anakaa, anazungumza au hazungumzi. Hawakumuuliza ana nini. Hawakumwambia ajikaze. Mmoja alikuja na mabinti zake wamsuke nywele, bila mafuta ya kunukia maana mwenye eda hajitii manukato. Mwingine, kikongwe asiye na jino, alikuja kulala tu. Anafika, anaegemea ukuta ule ule wa bibi, anakoroma mpaka adhuhuri. Bibi akakosa nafasi ya kuutazama ukuta wake kwa sababu ya yule kikongwe, ikambidi atazame watu.

Na kwa kutazama watu ndipo alipoona jinsi wanavyosuka. Wanawake wa Sidab walikuwa wanasuka makuti ya mtende, vikapu na mikeka ya kuanikia samaki. Bibi alikuwa fundi wa ukili tangu yuko msichana. Alivumilia siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu akasema, "Ala! Huyu anasuka au anafunga kuni?" Akampokonya mtu kazi yake, akaifumua yote, akaanza upya. Mama alikimbilia jikoni akanikumbatia. "Kalalamika!" akasema. "Umemsikia? Kalalamika!" Baada ya mwezi bibi alikuwa na wanafunzi sita, anawagombeza kwa Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiarabu, na ukili unakwenda.

Jirani ndiye aliyekuwa anahesabu siku. Alikuwa na kopo tupu la samli dirishani kwake, na kila asubuhi akishakunywa kahawa alitumbukiza humo kokwa moja ya tende. Miezi minne na siku kumi, kokwa moja kila siku. Mimi nilikuwa naisikia kupitia ukutani. Ting! Kila ting ilinikata maini. Kwani nilijua zikitimia watakuja kumtoa eda kwa sherehe, na hapo mambo yote yatafichuka. Watatuona waongo, mtaa mzima watatununia, hapana tena atakayekuja, bibi atarudi kwenye ukuta wake, na baba atamtia kwenye meli ya Mombasa. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu zangu. Kopo likazidi kujaa, mlio ukabadilika ukawa mzito, nami nikakonda. Mama alinilisha asali.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga kamba. Kila nikitaka kucheza na mabinti wa jirani na kupiga vingoma vyao, wananiambia hapana, nyumba yenu ina msiba. Nikiimba wananifumba mdomo. Lakini hilo si kitu, subiri. Mwezi wa tatu kukawa na harusi mtaani. Ngoma zikaanza saa za alasiri, bibi yuko na ukili wake. Akainua kichwa. Mguu ukaanza kugonga chini wenyewe. "Harusi ya nani hiyo?" akauliza. "Hebu nipeni nguo yangu ile ya maua, nikaone wanachezaje." Mama akataka kuzirai kwa furaha, maana ilikuwa mara ya kwanza kutaka kutoka. Lakini wale wanawake wawili wa zamu walipomwona anasimama na kanga ya maua, wakamshika huku na huku, wakamkalisha chini kwa huruma, pole, subira, Mungu anakuona. Bibi kapigwa na butwaa. Miezi mitatu wanamwita haendi, leo anataka kwenda wanamzuia!

"Hawa watu wana nini?" akamuuliza mama.

"Joto, mama," mama akajibu. "Wanakuogopea joto."

Na kwa kweli upepo siku ile ulikuwa mzuri kabisa.

Siku ikafika. Kokwa ya mwisho haikulia, kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Walikuja asubuhi, wote, hata yule kikongwe, na chetezo cha udi kinafuka, na maji ya waridi, na nguo mpya ya kijani ya Kiomani na suruali yake yenye nakshi miguuni, imekunjwa juu ya sinia. Wakaanza vigelegele mlangoni. Bibi akaweka ukili chini.

"Wamekuja kufanya nini leo?"

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama mama. Akanisukuma mbele kwa goti. "Sema wewe. Uliyelikoroga ulinywe."

Nikasema. Kwa Kiswahili, mbele ya wote, machozi yananitoka na kamasi juu: kwamba nilisema yumo edani kwa sababu walikuwa wanamteta, na kwamba wamekuja kumtoa, na kwamba asiende Mombasa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Wanawake wananitazama mdomo bila kuelewa, moshi wa udi unapanda.

"Eda ya nani?" akauliza bibi.

"Ya babu."

"Babu yako kafa mara ngapi?"

Bibi akajishika kiuno. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mwenzangu, kicheko kile! Kilianzia tumboni, kikamfika kooni, kikatoka kile kicheko cha barazani Unguja, cha kufukuza wanaume njiani. "Masikini mume wangu," anasema, "mtu mwema yule, kanifia mara mbili!" Akaanguka ubavu kwenye mkeka. Mama naye akashindwa. Jirani hakujua kinachochekwa, lakini akaanza kucheka kwa kutucheka sisi, na wengine wakafuata, mpaka yule kikongwe akapaliwa na ikabidi apigwe mgongoni.

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akalitazama lile sinia na nguo ya kijani, akaipapasa kwa mkono ile nakshi. Kisha akasimama. "Twendeni," akasema. "Kama watu wamehesabu siku zote hizo kwa ajili yangu, mimi nani nisitoke?"

Wakampeleka baharini, kwenye ghuba ndogo nyuma ya miamba ambako wanaume hawaji. Walizungusha shela wakazishika kama pazia, bibi akaingia majini na kanga zake zilizopauka, jirani akamwagia maji kichwani mara tatu. Zile kanga zikavuliwa zikaachwa ziende. Alitoka huko amevaa kijani, ananuka udi, wanja machoni, anasema suruali imembana.

Mimi nilibaki pembeni na jirani, anakamua nguo yake. Moyo haukunipa raha. Nikamwambia kwa Kiarabu changu chote nilichonacho kwamba nilisema uongo, babu alikufa zamani. Akanibana pua kwa vidole vyake vya chumvi.

"Twajua," akasema. Ninakuelezea kwa Kiswahili, lakini maneno ni yake. "Mume wangu alimpa baba yako pole msikitini Ijumaa ile ile ya kwanza. Baba yako akashangaa, akamwambia baba yake kafa yeye yungali kijana. Mume wangu akaja kuniambia hapana maiti. Nikamwambia anyamaze, na baba yako naye akaombwa anyamaze."

Nikaachama mdomo. Miezi minne mimi na mama tunamficha baba, na baba anatuficha sisi, na mtaa mzima unatuficha wote!

"Kwa nini basi mliendelea?" nikamuuliza.

"Aliyefiwa na mume amehesabiwa siku zake, anajua mwisho wake uko wapi. Aliyefiwa na nchi, nani atamhesabia? Angekaa pale milele. Tukasema tumhesabie sisi."

Akalichukua kopo lake, alilokuja nalo kutoka dirishani, akazimwaga zile kokwa zote kwenye maji, akanipa kopo tupu nichezee.

Mchana ule mumewe akaleta nazi mbili alizozipata kwa chombo kilichotoka Dhofar, kule kusini kwenye minazi. Bibi akaitoa mbuzi yake nyuma ya mlango, akaifuta vumbi, akakalia, akakuna. Akapika wali wa nazi kwa mtaa mzima. Wanawake wa Sidab wakaonja, wakatazamana, wakasema kwa heshima kwamba ni chakula kizuri kwa mgonjwa. Bibi alikasirika wiki nzima, na mimi sijawahi kumwona ana furaha vile. Baba alipokuja Alhamisi akasema meli ya Mombasa imeondoka. "Iende salama," mama akamjibu, akampakulia.

Sikudanganyi kwamba ukuta ule haukumwita tena. Siku nyingine ulimwita, hasa barua ikija kutoka Unguja, au isipokuja. Lakini jirani alikuwa na masikio. Akiona kimya kimezidi upande wetu alipiga ukuta kwa mchi wa kinu chake cha kahawa, go, go, go, na bibi akainuka anasonya, anatafuta shela yake. Aliishi nasi miaka kumi na moja zaidi. Alifika kuona barabara na umeme, akavilalamikia vyote viwili. Alizikwa Sidab, na jirani ndiye aliyemwosha.

Nimekwenda Sidab mwaka jana. Nyumba zimejengwa upya kwa matofali, nzuri, kila mtu na geti lake. Visima vimefukiwa. Vinu vya shaba vinauzwa Matrah kwa watalii. Jirani yetu kafariki zamani na wanawe wametawanyika, na nilisimama pale mahali pa ule ukuta wetu nikasikia mashine za kupoza hewa tu. Mimi mwenyewe hapa Mawaleh nashirikiana ukuta na watu wa pande mbili, na sijui hata mmoja wao anakunywa kahawa saa ngapi. Nilijisikia vibaya sana Jumatatu pale ngazini. Tangu kabla ya Ramadhani! Bibi angenisonya.

Jana basi nimekaanga vitumbua, nikagonga mlango unaotazamana na wangu. Mama wa Kichina akafungua kidogo, akaangalia sahani, akaniangalia mimi. Sikumwuliza ana nini. Nikavua viatu nikaingia, nikakaa. Kwa kuwa Kiarabu hajui na Kiingereza sote hatujui, nikazungumza Kiswahili, nikamlalamikia magoti yangu, na lifti, na mwenye jengo. Akaniletea maji ya moto kwenye bilauri, matupu, hayana hata jani la chai. Nikayanywa. Akala kitumbua kimoja, kisha akala cha pili. Nilipoaga akanishika mkono wa nguo kidogo, halafu akaniachia.

Leo asubuhi nimekula tende moja na kahawa yangu. Kokwa sikuitupa. Nimetafuta kopo jikoni, nimepata la maziwa ya unga, nikalisuuza, nikaitumbukiza. Ting.